Globu Ikae Mahali Pake

Dereva akilalamika kwamba usiku taa za gari lake hazifiki mbali, shauri analopewa ni karibu lile lile kila mahali: tafuta globu kali zaidi. Maduka ya spea, kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road, yana jibu hilo tayari rafuni, katika vipakiti vinavyotangaza wati nyingi na weupe wa mchana. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba swali la kuanza nalo si globu ina nguvu kiasi gani, bali imekaaje. Globu ya kawaida ya wati 55, ikikaa sawasawa ndani ya taa, inamulika njia vizuri kuliko ya wati 100 inayochezacheza. Na globu inayochezacheza, iwe dhaifu au kali, inawahatarisha watu wawili kwa mpigo: anayeendesha gari na anayekuja mbele yake. Kikalio cha globu, yaani lile tundu lenye ukingo nyuma ya taa, pamoja na klipu ya waya inayoibana globu humo, ni vitu ambavyo mwenye gari anaweza kuishi navyo miaka kumi asivitazame. Ndivyo vinavyoamua mwanga uelekee wapi.

Ndani ya taa ya mbele mna bakuli linalong'aa. Umbo lake si la kubahatisha. Limepindwa kwa namna ambayo mwanga ukitokea kwenye nukta moja tu, mbele kidogo ya kitako cha bakuli, miali yote ikigonga uso wake hurudi ikiwa sambamba na kwenda mbele kama boriti moja. Nukta hiyo katika taa nyingi iko milimita 20 hadi 30 tu kutoka kitakoni. Tuchukue 25. Kinachowaka ndani ya globu ni filamenti, kijiwaya kilichosokotwa chenye urefu wa milimita tano hivi, na kazi yote ya kikalio ni kukiweka kijiwaya hicho mahali pake kuhusiana na nukta ile. Sasa filamenti isogee juu au chini kwa milimita moja. Mwanga unaorudishwa na sehemu ya katikati ya bakuli utapinda kwa kiasi cha moja juu ya 25, yaani sentimita 4 katika kila mita. Ukutani mita 10 mbele ya gari, hizo ni sentimita 40. Mita 50 mbele, ni mita mbili nzima. Ni kama ufito mrefu wa kuangulia maembe: mkono ukicheza kidogo huku chini, ncha kule juu inaruka kutoka tawi hadi tawi.

Hesabu hiyo inapata uzito ikilinganishwa na jinsi taa inavyotakiwa kulengwa. Mwanga wa dimu kwa kawaida huelekezwa chini kwa takriban sentimita moja kwa kila mita. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, ikilengwa hivyo, ukingo wa juu wa mwanga wake unagusa lami mita 65 mbele. Filamenti ikikosea kwa milimita moja tu, kosa hilo ni mara nne ya mwinamo wote uliokusudiwa. Ikishuka, mwanga unapanda, maana bakuli hugeuza juu kuwa chini, na badala ya kuinamia barabarani mwanga unapita zaidi ya mita mbili juu ya ardhi ukiwa mita 50 mbele, usawa wa macho ya dereva wa basi. Mwenye gari dogo yuko ndani ya mwanga huo mzimamzima. Ikipanda, mwanga unazama na kugusa lami mita 13 tu kutoka kwenye bampa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo dereva huyo anaona kile atakachokifikia chini ya sekunde moja baadaye. Na milimita moja si kosa la ajabu. Globu ikiinama kwenye kikalio chake kwa digrii mbili tu, filamenti iliyoko karibu sentimita tatu mbele ya kikalio imeshasogea kiasi hicho.

Ndiyo sababu malalamiko mawili yanayoonekana kupingana, la dereva asiyeona mbali na la wenzake wanaomwashia taa kumwambia azishushe zake ilhali ameshazishusha, mara nyingi yana chanzo kimoja. Nyaya zinazoning'inia nyuma ya taa zikivuta mkia wa globu iliyolegea, pua ya globu inapanda na mwanga unaanguka miguuni pa gari. Klipu ikikosa nguvu upande wa chini na pua ikainama, mwanga unaingia machoni mwa watu. Taa mbili za gari moja zinaweza hata kuugua magonjwa haya tofauti kwa wakati mmoja, na dereva, akiona weupe mwingi hewani na giza njiani, anaamini kabisa kwamba globu zake zimechoka.

Katika globu ya H4, ambayo magari mengi ya zamani kidogo na pikapu yanaitumia, suala ni nyeti zaidi kwa kuwa humo mna filamenti mbili, ya fulu na ya dimu. Filamenti ya dimu imewekwa juu ya kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya bakuli. Mwanga unagonga nusu ya juu peke yake na kurudi ukiinamia barabarani. Ukingo mmoja wa kikombe hicho umeshushwa kwa digrii 15 ili upande wa ukingo wa barabara uinuke kidogo na kuonyesha watembea kwa miguu, baiskeli na mifereji, huku upande wa anayekuja ukibaki chini. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, tunakoendesha kushoto kama Japani yanakotoka magari mengi tunayonunua yakiwa yametumika, mwinuko huo unatakiwa uwe kushoto. Haya yote yanategemea globu kutozunguka hata kidogo. Kola ya H4 ina masikio matatu, moja pana kuliko mengine, na kikalio kina mianya inayolingana nayo, ili globu iingie kwa namna moja tu. Fundi mwenye haraka akilikunja sikio au akalikata kwa koleo ili globu "iingie tu", ameifuta kinga hiyo yote. Globu ikiingia kichwa chini, kikombe kinakuwa juu, mwanga unagonga nusu ya chini ya bakuli, na dimu yote inapaa angani.

Historia ya taa za magari inaunga mkono hoja hii kwa nguvu kuliko maelezo yangu, kwa sababu wahandisi wa pande mbili za Atlantiki walitafuta majibu tofauti kwa tatizo hili hili. Magari ya mwanzo, Ford Model T ikiwemo, yalikuwa na skrubu nyuma ya taa ambayo dereva aliikaza au kuilegeza kusogeza globu mpaka mwanga utulie. Maana yake kila dereva alitakiwa awe mtaalamu wa mwanga, na wengi hawakuwa. Mwaka 1940 viwanda vya Marekani viliamua kumwondolea dereva kazi hiyo kabisa: filamenti, bakuli na kioo viliunganishwa kiwandani vikawa kitu kimoja kilichozibwa, na filamenti ikiungua unatupa taa nzima. Utaratibu huo ulishikiliwa kwa zaidi ya miaka 40, hadi 1983 globu za kubadilisha ziliporuhusiwa. Wazungu wa Ulaya walipenda kubadilisha globu peke yake, basi wakaja na njia nyingine. Kiwandani globu hupimwa, filamenti inawekwa mahali pake kwa vipimo, na kola ya chuma inafungwa kwenye globu kwa kuifuata filamenti. H1, globu ya kwanza ya halojeni kwa magari, ilitoka 1962, na H4 ikafuata 1971. Kanuni namba 37 ya Umoja wa Mataifa inataja umbali kutoka uso wa kola ya H4 hadi filamenti ya dimu kuwa milimita 28.5, na uhuru wa kukosea ni karibu theluthi moja ya milimita. Kwa hiyo kola ile si kipande cha bati cha kuzuia globu isianguke. Imebeba vipimo vyote vya kiwandani, na vipimo hivyo vina maana pale tu kola inapolala bapa juu ya kikalio, pande zote, bila mwanya.

Mwenye gari anaweza kuliona hili mwenyewe kwa dakika tano, taa zikiwa zimezimwa na kupoa. Chomoa soketi ya nyaya kwa kushika mwili wake, si nyaya. Bandua mpira mweusi wa nyuma. Mingi imeandikwa TOP upande unaotakiwa kuwa juu, na sehemu yake ya katikati hubana mkia wa globu kuzuia maji na vumbi. Chini yake kuna klipu ya waya wa springi, ambayo ukiisukuma ndani na pembeni inatoka kwenye kulabu yake. Vuta globu kwa kola bila kugusa kioo chake, kwa kuwa mafuta ya vidole yakipata joto huharibu kioo cha halojeni. Sasa angalia mzunguko wa kola. Kola iliyokuwa imekaa vizuri ina alama ya mgandamizo iliyolingana pande zote. Iliyokuwa ikicheza ina sehemu moja iliyong'arishwa kwa msuguano na nyingine yenye kutu au vumbi jekundu, na vumbi hilo lilipata njia ya kuingia hadi kwenye bakuli. Irudishe, funga klipu, kisha jaribu kuitikisa mkia kwa vidole viwili. Isisikike hata "tik" moja. Klipu nzuri inahitaji nguvu ya kidole gumba ili ifungwe. Inayofungwa kwa kuguswa tu imeshalegea, na mashimo ya barabara ya vumbi yatamalizia yaliyobaki. Katika pikipiki za bodaboda, ambazo injini yake ya silinda moja haiachi kutetema hata zikiwa zimesimama, klipu hulegea mapema zaidi.

Kinachofanyika baada ya kikalio kulegea au kuvunjika ndicho kinachonisikitisha zaidi, maana nia huwa njema. Katika taa nyingi za sasa bakuli na kikalio ni vya plastiki ngumu, na kulabu ya klipu ikikatika dawa inayokuja haraka mkononi ni supaglu. Supaglu ya kawaida huanza kulegea kwenye joto la digrii 80 hivi, wakati kioo cha globu ya halojeni hufanya kazi kikiwa na zaidi ya digrii 250, sentimita chache tu kutoka hapo. Mvuke wake pia hutua ndani ya taa ukaacha ukungu mweupe juu ya bakuli. Wengine hutumia silikoni ile yenye harufu ya siki. Asidi inayotoka wakati inakauka hula utando wa alumini wa bakuli, na utando huo ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, haustahimili hata kupanguswa kwa kitambaa kikavu. Karatasi za sigara, vipande vya mpira wa tairi, na waya wa kufungia uliokazwa kwa koleo huishikilia globu kweli, ila huishikilia mahali popote. Taa inawaka, mteja anaondoka ameridhika mchana, na kosa linajitokeza usiku barabara ya Morogoro.

Soketi ya nyaya nayo ina sehemu yake katika kisa hiki, ingawa ni ndogo. Ikilegea haipeleki umeme vizuri. Dimu ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6, na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu kwenye pini unakula karibu nusu volti na kugeuza wati mbili kuwa joto papo hapo kwenye plastiki ya soketi. Mwanga wa halojeni hupungua haraka kuliko volti: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Soketi iliyoungua na kuwa ya kahawia ibadilishwe, na waya wake uachwe na ulegevu wa kutosha usivute mkia wa globu.

Pingamizi la kwanza ninalolitegemea ni la mwenye globu ya wati 100: ameiweka, na anaona tofauti. Simkatalii kwamba mbele ya bampa lake kumekuwa kweupe. Lakini globu hiyo huvuta zaidi ya ampea 8, na kwa kuwa joto kwenye pini huongezeka kwa mraba wa ampea, pini ile ile sasa inazaa joto zaidi ya mara tatu. Joto la globu yenyewe linaunguza utando wa bakuli na kukifanya kikalio cha plastiki kiwe chepesi kuvunjika. Baada ya miezi michache kilichokuwa kimelegea kidogo kinakuwa kimelegea sana, na mwanga mkali unaoelekea mahali pasipofaa unaumiza macho ya watu kuliko ule dhaifu uliokuwepo. Weupe wa karibu nao unadanganya, kwani mboni ya jicho ikizoea mwangaza wa miguuni pa gari, inashindwa kuona kilichoko gizani mbali zaidi.

La pili ni zito zaidi, nalo ni la LED. Wanaozipendelea wanasema hazina filamenti ya kutetema, zinakula umeme kidogo na zinadumu. Yote ni kweli. Lakini bakuli lililochongwa kwa ajili ya filamenti bado linadai chanzo cha mwanga kiwe pale pale filamenti ilipokuwa, chenye ukubwa ule ule na kikimulika pande zile zile. Vipande vya LED vimebandikwa kwenye ubapa wa pande mbili, na globu nyingi za bei rahisi zina kola ya kuzungusha kwa mkono inayokazwa kwa skrubu ndogo. Kwa maneno mengine, tumemrudisha dereva kwenye skrubu ya Ford Model T. Kuna LED zilizotengenezwa kwa uangalifu. Ujerumani ilianza kuziruhusu mwaka 2020, lakini ni aina maalumu kwa magari yaliyoorodheshwa, baada ya kupimwa ndani ya taa za magari hayo hasa. Masharti hayo yanaonyesha wapimaji wenyewe walikuwa na wasiwasi wa nini. Isitoshe, LED huwa na feni au mapezi ya kupoza nyuma yake, na uzito huo wa mkiani ndio mzigo ambao klipu iliyochoka haiuwezi.

Kuna wanaosema kwamba mwanga ukienda kombo, taa ina skrubu za kulenga, zizungushwe mpaka mwanga urudi. Skrubu hizo husogeza bakuli zima, kwa hiyo zinafaa kwa taa iliyo nzima ambayo imeinama baada ya gari kugongwa au springi kubadilishwa. Haziwezi kuirudisha filamenti kwenye nukta yake. Ukilenga taa yenye globu iliyopinda, unapata doa lililosambaa, lisilo na ukingo kati ya mwanga na giza, na globu ikicheza tena kesho kwenye tuta la kwanza ulengaji wote umepotea. Utaratibu ni kikalio kwanza, ulengaji baadaye.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la pesa. Taa nzima ya gari inaweza kugharimu kipato cha wiki kadhaa cha dereva wa teksi, na fundi anayemwambia mteja akanunue mpya anampoteza mteja. Ndiyo maana sisemi kila kikalio kilichovunjika kitupwe. Klipu peke yake hubadilishwa kwa pesa kidogo, na inaweza kutolewa kwenye taa iliyopasuka kioo. Kulabu iliyokatika inaweza kuwekewa kipande cha bati kilichofungwa kwa skrubu ndogo au ribiti nje ya bakuli, mahali ambapo globu haigusi. Mradi uso wa kikalio wenyewe, ule unaolaliwa na kola, uko mzima na bapa, ukarabati una maana. Ukiwa umepasuka, umeyeyuka au umechongwa kwa kisu, hakuna gundi itakayourudishia theluthi ya milimita.

Baada ya ukarabati wa namna yoyote, ukuta ndio shahidi. Gari lisimame mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima kimo cha kitovu cha taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho na nyingine sentimita 10 chini yake, kisha washa dimu. Ukingo wa mwanga ulale kwenye alama ya chini, upande wa kushoto ukipanda kidogo, na taa zote mbili zifanane. Kisha mtu apige ukingo wa bodi karibu na taa kwa kiganja, mara mbili tatu. Ukingo wa mwanga utatikisika pamoja na gari, lakini lazima urudi palepale ulipokuwa. Ukitua mahali pengine, hata kwa upana wa vidole viwili, globu bado inacheza na kazi haijaisha.

Na anayelazimika kununua taa iliyotumika aende dukani na globu yake mfukoni. Wauzaji huonyesha kioo cha mbele kwa sababu ndicho kinachong'aa. Yeye aigeuze taa, aangalie nyuma. Achomeke globu, atazame kama masikio yanaingia bila kusukumwa na kola inalala bapa, afunge klipu, aitikise. Taa ikifaulu hapo inastahili kulipiwa hata kama kioo chake kina mikwaruzo au kimefifia kuwa njano, maana hayo huondolewa kwa msasa laini wa maji na polishi.